Deni la Mtama

Zamu yangu huanza saa mbili usiku,
watalii wakishaondoka na kelele zao.
Nafunga lango, nazima taa za ukumbi mkubwa,
nabaki na Tantai Gu wa shaba,
dole gumba lake liking'aa kuliko uso
kwa kusuguliwa na watoto wanaoomba kufaulu hesabu.

Alizaliwa, wanasema, nyuma ya duka la nafaka,
mama akihesabu, baba akipunja.
Hapo ndipo hekima ilipoanza, si milimani:
mtoto wa miaka saba alinyanyua jiwe la mizani
akaliona jepesi,
akakaa siku tatu hali, hasemi.
Siku ya nne akauliza:
"Jiwe likisema uongo, nani atalipima jiwe?"
Alijibiwa kwa kofi.
Hilo nalo akaliandika.

Akaondoka na mizani yake ndani ya gunia la katani.
Alisimika mti kwenye tambarare ya Mto wa Manjano
akakifuata kivuli chake mwaka mzima, kama mdai,
mpaka siku fupi kuliko zote ikakiri jina lake.
Alihesabu mapigo ya wagonjwa kwa matone ya maji.
Alijua kwa nini kengele nene hunguruma na nyembamba hulia.
Alichora mito juu ya ngozi ya ng'ombe,
na kila mto ulipohama, akaichora upya, bila kinyongo.

Wafalme walimtaka awaundie manati ya vita.
Yeye akawatandikia mizani:
upande huu taji, upande ule upawa wa uji wa mkulima.
Watano walimfukuza.
Wa sita alimpa farasi,
farasi akafa njiani.

Naye akafa kwa jino,
aliyeponya mapafu ya majemadari.

Mikokoteni minane ya maandishi yake ilichomwa.
Vikabaki vipande kumi na kimoja vya mwanzi
kwenye tope la kisima, vikingoja
hadi wachimba mabomba wa kiwanda cha mbolea
walipovikanyaga, mwaka niliooa.

Leo ana chuo kikuu, ana barabara ya njia sita,
ana pombe kali yenye jina lake, na dawa ya meno.
Vijiji vitatu vinagombea kaburi;
kimoja, ili kushinda, kimejenga na la farasi.

Profesa Helian Zhuo ameandika kurasa mia sita
juu ya kipande cha tisa peke yake.
Kipande chenyewe kinasema:
*Mtama, vibaba viwili, kwa mjane Ji. Bado.*
Mtama, asema profesa, ni wema.
Mjane ni mbingu iliyoachwa na dunia.
Na hilo "bado", ah! hilo "bado"
limemzalia vitabu vingine viwili.

Usiku mmoja wa theluji mke wangu, Lanqiu,
aliniletea mikate ya mvuke.
Anauza vitunguu saumu soko la kusini,
vidole vyake vinajua uzito kabla ya mizani.
Akainama juu ya kioo, akasoma polepole,
pumzi yake ikafanya ukungu juu ya lile neno la mwisho.
"Alimlipa?" akauliza.

Miaka kumi na tisa nimelinda chumba hiki.
Nimesikia maswali kwa lugha ishirini.
Hilo, sijawahi.

Mimi si msomi. Hata mistari hii, angeipima yeye,
angenirudishia: haina vina, mizani imepunjwa.
Lakini alfajiri, kabla ya kukabidhi funguo,
nilifungua daftari la maoni ya wageni
nikaandika swali la mke wangu, na tarehe.

Jioni nilikuta jibu kwa wino mwekundu:
*Walinzi hawaruhusiwi kuandika humu.*